Kwa nini lori letu lilirudi gereji mara tano

Katika miezi iliyopita tumepokea barua na simu kutoka kwa kamati za parokia, na pia kutoka kwa wafadhili wetu, zikiuliza jambo moja: lile lori lililochangiwa na watu wengi liko wapi, na mbona mahindi bado yanasafirishwa kwa magari ya kukodi? Swali ni la haki. Tumeona tulijibu hapa kwa kirefu, si kwa kujitetea, bali kwa sababu tunajua parokia tatu hivi sasa zinakusanya fedha za kununua gari lililotumika, na yaliyotupata sisi yanaweza kuwapata na wao.

Lori tulilinunua mwezi Mei 2022 kutoka yadi moja ya magari jijini Dar es Salaam. Ni lori la tani tatu na nusu, la dizeli, lililotoka Japani. Bei yake ilikuwa shilingi 42,000,000, ambapo 28,000,000 zilitoka kwa wafadhili na 14,000,000 zilichangwa na parokia kupitia mavuno na harambee. Jina la yadi hatulitaji, wala aina ya gari, kwa kuwa tatizo halikuwa la kiwanda. Magari ya aina hiyo yako mengi barabarani na yanafanya kazi vizuri.

Siku ya kununua tulikwenda watu watatu: mwenyekiti, mhasibu na dereva. Tuliliwasha, likawaka mara moja. Tuliliendesha mtaani dakika kumi. Rangi ilikuwa mpya, matairi yaling'aa. Fundi hatukumchukua, tukijiambia kuwa nauli na posho yake ni gharama tunayoweza kuiepuka. Tuliandikiwa ankara, na chini yake kulikuwa na maneno madogo kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Tulisaini. Muuzaji alituahidi kwa mdomo kwamba kwa miezi mitatu likisumbua tumrudishie, ila kwa sharti moja: lisiguswe na fundi mwingine. Sharti hilo lilitugharimu kuliko yote, kama mtakavyoona.

Wanaoijua barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa wanaujua mlima Kitonga. Ni takriban kilomita 500 hadi Iringa mjini, na sehemu kubwa ya mwanzo ni tambarare. Unapita Morogoro, unavuka hifadhi ya Mikumi, unafika Ruaha Mbuyuni kwenye joto, kisha barabara inapanda ghafla kwa kona kali. Hapo ndipo gari zima na gari gonjwa hutengana. Safari ya kwanza lori lilikuwa tupu na lilipita, ingawa dereva aliona mshale wa joto umepanda kupita nusu. Safari ya pili, mwezi Juni, lilikuwa na mabati na saruji ya kituo cha afya. Katikati ya Kitonga likachemsha, maji yakaruka, na mzigo ukalala barabarani usiku kucha pamoja na utingo wetu.

Tukalirudisha yadi. Walilisafisha rejeta, wakatupa. Mwezi Julai likachemsha tena pale pale, tukalirudisha. Wakabadilisha pampu ya maji na feni beliti. Mwezi Agosti wakaondoa themostati kabisa, wakasema haihitajiki nchi ya joto. Mwezi Septemba wakafunga rejeta nyingine. Mwezi Oktoba, mara ya tano, hawakubadilisha kitu. Walisema dereva wetu ndiye anayepanda mlima kwa gia kubwa. Dereva huyu ameendesha malori miaka zaidi ya ishirini. Alinyamaza, lakini tulimwona alivyoumia.

Sasa tueleze kwa nini hali hii inaweza kutokea hata bila mtu kukusudia kudanganya. Kila mara lori lilipofika Dar es Salaam lilikuwa tupu, limetelemka mlima, limetembea tambarare. Fundi wa yadi alilijaribu barabara za mjini bila mzigo, akaona mshale umetulia, akaandika kuwa limepona. Ubovu uliokuwemo ulijitokeza pale tu injini ilipobeba mzigo mzito na kupanda kwa muda mrefu. Ni kama mgonjwa wa moyo anayepimwa akiwa amekaa kitini. Tungeomba tangu mwanzo lijaribiwe likiwa limepakiwa mzigo, kwenye mwinuko, na mwakilishi wetu akiwa ndani, pengine safari nne zisingekuwepo.

Kuna na jambo la mwinuko wenyewe. Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, lakini kadiri unavyopanda huchemka kwa joto pungufu. Iringa, ambayo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi kama 95. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta umetengenezwa kushikilia presha, ili maji yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea, au presha ikitoka mahali pengine, gari lililokuwa zima Dar es Salaam linakuwa birika huku juu.

Presha ya lori letu ilikuwa na hitilafu, ila kwa namna nyingine. Mwezi Novemba muda wa ahadi ulikuwa umekwisha zamani na yadi ilikuwa haipokei tena simu zetu. Tukaamua kuvunja lile sharti. Tulilipeleka kwa fundi mmoja mzee wa hapa Iringa mjini. Hakufungua kitu chochote kwanza. Alisubiri injini ipoe kabisa, akafungua mfuniko wa rejeta, akajaza maji hadi mdomoni, akamwambia dereva awashe. Tulisimama tukitazama. Baada ya muda mfupi mapovu yakaanza kupanda, moja moja, kisha mfululizo kama chungu kinachotokota, na maji yenyewe yalikuwa bado ya baridi.

"Wanangu," akasema, "rejeta haina kosa. Injini inapumulia ndani ya maji."

Maana yake ni hii. Juu ya silinda za injini kuna silinda hedi, na katikati yake kuna gasketi inayotenganisha njia tatu: moto wa silinda, maji ya kupoza, na oili. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa kuigandamiza hewa kwa nguvu kubwa, hivyo presha ndani ya silinda ni kali mno kuliko ile ya maji. Gasketi ikiungua, au silinda hedi ikipinda au kupasuka, moshi wa moto unasukumwa kuingia kwenye maji. Bila mzigo unaingia kidogo na rejeta inamudu. Ukibeba tani tatu na kupanda Kitonga, unaingia kwa wingi, unasukuma maji nje, na injini inabaki kavu. Ukibadilisha rejeta kumi, moshi utaendelea kuingia.

Alipoifungua, tuliona mengi. Silinda hedi ilikuwa imepinda. Ukiweka rula ya chuma juu yake unaona mwanga unapita chini. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kati ya valvu mbili. Gasketi ilikuwa mpya kiasi, dalili kwamba mtu aliwahi kuibadilisha bila kuipeleka silinda hedi ikasawazishwe kwa mashine. Na ndani ya njia za maji kulikuwa na utando wa ile dawa ya kuzibia rejeta inayouzwa madukani. Nani aliitia, na lini, hatuwezi kusema. Tunachosema ni kwamba ilikuwemo.

Kuhusu themostati, fundi alitusahihisha jambo ambalo wengi tunaliamini. Kazi yake si kuzuia maji tu, bali kuifikisha injini kwenye joto linalofaa na kulishikilia hapo. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula dizeli zaidi na kuchakaa upesi. Tena katika injini nyingi themostati ikifunguka hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka kurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kwa hiyo kilichofanywa Agosti kama tiba kinaweza kuwa kilizidisha ugonjwa. Kuanzia hapo kila tulipochemsha, chuma kilipinda zaidi.

Wasomaji wengine watauliza kuhusu ukaguzi wa TBS. Ukaguzi huo upo, na ni muhimu, lakini unahusu usalama na ubora wa jumla wa gari linaloingia nchini. Si dhamana ya injini, na haumwondolei mnunuzi wajibu wa kuleta fundi wake.

Tulikwenda pia kwa mwanasheria, na hapa tunaomba kamati zisome kwa makini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anayemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Sisi tulimweleza kwamba ni lori la kubeba mahindi na saruji kwenda Iringa, lakini tulimweleza kwa mdomo. Aidha, sheria inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, na yale maneno madogo ya "kama lilivyo" ndiyo muuzaji aliyoyashikilia. Jambo la tatu lilitushangaza. Mnunuzi anaweza kukataa bidhaa mbovu na kudai fedha yake, ila akikaa nayo kupita muda unaofaa bila kusema kwamba anaikataa, huhesabiwa ameipokea, na kinachobaki kwa kawaida ni kudai fidia tu. Kwa miezi mitano sisi tulirudisha lori, tukalichukua, tukasaini kuwa limetengenezwa, tukaondoka. Hatukuandika hata barua moja ya kusema tunalipokea huku tukihifadhi haki yetu ya kulikataa. Mwanasheria alitushauri tupeleke pia malalamiko kwenye Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hushughulikia pia masuala ya kuwalinda walaji. Tulipoijulisha yadi kwa maandishi kwamba tunakusudia kufanya hivyo, tukiambatanisha picha za silinda hedi na maelezo ya fundi yaliyosainiwa, walituita. Walilipa shilingi 2,000,000, nasi tukakubali.

Hesabu zetu ni hizi. Mafuta, posho na malazi kwa safari tano za kurudisha lori: 4,100,000. Magari ya kukodi, safari nne: 3,600,000. Silinda hedi nyingine, gasketi, kazi ya mashine na ufundi: 3,850,000. Jumla ni 11,550,000, zaidi ya robo ya bei ya lori. Ukitoa zile za yadi, tumebaki na 9,550,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Tulizitoa kwenye fungu la matengenezo ya ofisi, na nakala za risiti zimetumwa kwa kila mfadhili na kila kamati.

Lakini hasara kubwa haimo kwenye orodha hiyo. Mwezi Novemba, lori likiwa juu ya mawe kwa fundi, mahindi ya kikundi kimoja cha akina mama yalikuwa yamepangwa nje ya ghala, yamefunikwa turubai, yakisubiri gari tuliloahidi kuwapelekea siku ya Jumanne. Mvua za kwanza zikashuka Jumatano usiku. Magunia 37 yalilowa, na kabla hayajakauka yakashika ukungu. Mahindi ya namna hiyo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa, hivyo hatukuruhusu yauzwe wala yasagwe. Mama mmoja alituuliza mbele ya mkutano, "Baba Katibu, sisi tulichanga gari ili likae Dar es Salaam?" Hatukuwa na jibu. Kikundi kimelipwa magunia yote 37 kwa bei ya msimu ule, kabla hatujalipa deni lolote jingine.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu. Gari lolote litakalonunuliwa kwa fedha za parokia litakaguliwa na fundi asiyekuwa wa muuzaji: litawashwa likiwa baridi, rejeta ikiwa wazi, kompresheni ya kila silinda itapimwa, oili itaangaliwa kama ina rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni alama ya maji, chasisi itapekuliwa kama ina nyufa zilizochomelewa. Moshi nao una lugha yake. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni wa kuogopwa, wa buluu ni oili inayoungua, mweusi mzito ni mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua. Tairi pia lisikudanganye kwa kung'aa: ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Na kila tengenezo litaandikwa: kosa lililogunduliwa ni nini, limegunduliwaje, kimebadilishwa nini, na kifaa cha zamani kirudishwe mikononi mwetu. Yadi itakayokataa kuandika, tutaondoka.

Lori lenyewe linafanya kazi. Limepanda Kitonga mara nyingi tangu Januari 2023, na dereva bado husimama Ruaha Mbuyuni, hungoja injini ipoe, hutazama maji, ndipo anaanza kupanda. Kamati zinazotaka barua ya mfano ya kumwandikia muuzaji, au jina la fundi wa kukagua, zifike ofisini kwetu siku yoyote ya kazi. Nakala ziko kwa mhasibu.