Mhudumu wa baa aliyewaliza Waholanzi

HUENDA jina la André Hazes likawa geni kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu. Lakini lilitaje usiku katika baa za mitaa ya zamani ya Amsterdam, Uholanzi, na si ajabu ukaona wateja wakiweka chini bilauri zao na kuanza kuimba kwa sauti moja.

Hazes hakuvuma sana ng'ambo kwa kuwa aliimba Kiholanzi. Kwao, hata hivyo, alikuwa kipenzi cha makabwela, na siku alipoagwa mwaka wa 2004 uwanja mzima wa kandanda ulijaa pomoni.

Alizaliwa Juni 30, 1951 katika De Pijp, mtaa wa wafanyakazi jijini Amsterdam. Baba yake alikuwa mtu wa chupa na maisha nyumbani hayakuwa mepesi. Mwaka wa 1959, akiwa na umri wa miaka minane tu, aliingia katika soko la Albert Cuyp akaanza kuimba ili apate senti za kumnunulia mamake zawadi. Mwigizaji mashuhuri wa vichekesho, Johnny Kraaijkamp, alimsikia akavutiwa. Muda si muda mtoto huyo wa mtaani akaonekana kwenye televisheni.

Nyota hiyo ilizimika upesi. Hazes alikua akifanya vibarua vya hapa na pale, hatimaye akawa mhudumu wa baa. Alikuwa akiimba huku akimimina bia, na wateja wakaanza kufika kwa ajili ya sauti yake kuliko kinywaji.

Mnamo 1976 alitunga wimbo Eenzame Kerst, yaani Krismasi ya upweke. Alitaka uimbwe na Willy Alberti, aliyekuwa gwiji wa nyimbo za Amsterdam. Alberti alimshauri auimbe mwenyewe. Ushauri huo ulimtoa nyuma ya kaunta, kwani wimbo huo ulivuma nchini kote.

Waholanzi huita muziki wa aina hii levenslied, wimbo wa maisha. Ni nyimbo za mapenzi yaliyovunjika, upweke na majuto, na asiyejua Kiholanzi hushika maana kwa mlio tu. Katika De Vlieger, kwa mfano, mvulana anataka kupeleka barua kwa mamake aliye mbinguni, naye anaifunga kwenye tiara ili ipae. Mzazi gani atasikia hayo asitokwe na machozi?

Albamu yake, Gewoon André, ilinunuliwa kama njugu. Mwaka wa 1988, Uholanzi ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Ulaya huko Ujerumani Magharibi, wimbo wa mashabiki ulikuwa wake, Wij houden van Oranje. Alipenda pia muziki wa bluzi, na mwaka wa 1989 akatoa albamu nzima ya mtindo huo.

Wasomi walimdharau kwa muda mrefu wakimwona kama mwimbaji wa walevi. Mambo yalibadilika 1999, mtengeneza filamu John Appel alipotoa filamu ya maisha yake, Zij gelooft in mij. Jina hilo ni la wimbo wa Hazes ambao wapenzi wa Kenny Rogers hapa Kenya wataufahamu mara moja: ni She Believes in Me kwa Kiholanzi.

Filamu hiyo haikumpamba. Inamwonyesha mtu mnene mwenye wasiwasi, bia ikiwa karibu sikuzote, na ndoa inayoyumba. Mkewe, Rachel, ndiye aliyebeba mzigo wa nyumba. Inaudhi kidogo kuona mwana wa mlevi akirejea katika chupa ile ile iliyomtesa babake, ila pengine ndiyo sababu watu walimwamini alipoimba juu ya majuto.

Baadaye masikio yalianza kumtatiza, balaa kubwa kwa mwimbaji yeyote. Septemba 23, 2004 moyo ulisimama na Hazes akaaga dunia hospitalini mjini Woerden, akiwa na umri wa miaka 53.

Siku nne baadaye jeneza lake liliwekwa katikati ya uwanja wa Amsterdam Arena, mbele ya karibu watu 50,000. Wimbo wake Bloed, zweet en tranen, yaani damu, jasho na machozi, ulipanda hadi nambari moja. Mwaka mmodi baadaye sanamu yake ilisimamishwa katika soko lile lile la Albert Cuyp, na sehemu ya majivu yake ikarushwa kwa fataki juu ya Bahari ya Kaskazini.

Wanawe wawili aliozaa na Rachel, Roxeanne na André mdogo, walikuwa bado watoto wakati huo. Wote wawili wamekuwa waimbaji, na mwaka wa 2015 kijana huyo alitamba na kibao chake Leef, maana yake "ishi".