Kuhama Mtandao wa Kijamii Bila Kuwapoteza Watu

Mtandao wa kijamii, ukichambuliwa kwa jicho la mhandisi, ni vitu vitatu vilivyofungwa katika furushi moja: orodha ya watu na mahusiano yao, ghala la maneno na picha wanazochapisha, na kanuni za kompyuta zinazoamua nani aone nini na kwa mpangilio upi. Katika majukwaa makubwa kama X, Facebook na Instagram, furushi zima liko mikononi mwa kampuni moja, na kwa hiyo mtu anayeondoka hulazimika kuviacha vyote vitatu kwa pamoja, hata kama kilichomkera ni kimoja tu. Mitandao iliyogatuliwa imejengwa juu ya wazo kwamba furushi hilo linaweza kufunguliwa. Neno ugatuzi, ambalo nchini Kenya limezoeleka tangu Katiba ya 2010 ilipoweka msingi wa serikali za kaunti 47, linafaa hapa pia, kwa kuwa mamlaka huondolewa katika kituo kimoja na kukabidhiwa kwa wengi, ila kinachowaunganisha hao wengi si katiba bali itifaki, yaani makubaliano ya kiufundi, yaliyo wazi kwa kila mtu, kuhusu namna kompyuta moja itakavyozungumza na nyingine.

Itifaki hizo zilikuwapo muda mrefu kabla umma haujazisikia. Mastodon, programu ya msimbo huria iliyoandikwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani, ilitolewa mwaka 2016, na itifaki inayoitumia, ActivityPub, ilipitishwa rasmi mwezi Januari 2018 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya tovuti duniani. Kilichowafanya mamilioni wazitafute ni tukio la tarehe 27 Oktoba 2022, siku Elon Musk alipokamilisha ununuzi wa Twitter, ambayo sasa inaitwa X, kwa dola bilioni 44. Kwa Afrika mabadiliko yalionekana mapema, kwani wafanyakazi wa ofisi ya Twitter mjini Accra, ofisi iliyotangazwa 2021 kuwa kituo cha kampuni hiyo barani, waliachishwa kazi mwezi Novemba 2022. Lakini tukio lenye funzo kubwa zaidi lilitokea mwezi Desemba mwaka huohuo, pale Twitter ilipopiga marufuku, kwa muda mfupi kabla ya kurudi nyuma, viungo vinavyoelekeza watu kwenye Mastodon na majukwaa mengine shindani. Mmiliki wa jukwaa alionyesha kwamba ana uwezo wa kuwazuia watu hata kuambiana wamehamia wapi. Makala hii inashikilia kwamba hapo ndipo penye kiini cha suala lote, kwa maana tatizo la anayehama si machapisho yake ya zamani bali ni watu wake, na orodha ya watu hao haiko mkononi mwake.

Msomaji wa Afrika Mashariki anao mfano wa karibu kuliko ule wa barua pepe unaotumiwa mara nyingi na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Katika miaka ya mwanzo ya huduma za fedha kwa simu nchini Tanzania, pochi ya kila kampuni ilikuwa kisiwa, na fedha zilizotumwa kwa mteja wa mtandao mwingine hazikuingia moja kwa moja katika pochi yake. Makubaliano yaliyoanza mwaka 2014 kati ya baadhi ya kampuni, na ambayo Vodacom ilijiunga nayo 2016, yaliunganisha visiwa hivyo, hata leo mtumaji haulizi mpokeaji yuko kwa nani. Hilo ni jambo la kwanza, nalo ni kuunganishwa. Jambo la pili lilikuja mwezi Machi 2017, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipoanzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ya simu, huduma ambayo Kenya ilikuwa nayo tangu 2011. Kuunganishwa humwezesha mtu kuzungumza na walio kwingine akiwa alipo. Kuhamishika humwezesha kwenda kwingine na kubaki yeye yuleyule. Mambo haya mawili huchanganywa mno katika mijadala, ilhali ndiyo yanayotofautisha mitandao miwili inayotajwa zaidi, Mastodon na Bluesky.

Mastodon si tovuti moja bali ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na kuzihudumia, kila moja ikiwa na mwenyewe, kanuni zake za mwenendo na gharama zake. Anwani ya mtumiaji ina sehemu mbili, jina lake na jina la seva, kama ilivyo barua pepe, na mtu aliyesajiliwa kwenye seva moja humfuata aliye kwenye seva nyingine bila kufungua akaunti mpya. Anapochapisha, seva yake hupeleka nakala kwa seva za wafuasi wake, nazo huwaonyesha kwa mfuatano wa saa, si kwa kupangwa na kanuni inayokisia nini kitamfanya msomaji akae zaidi mbele ya skrini. Seva zisizoridhishwa na mwenendo wa jirani zinaweza kukata mawasiliano nayo, na huo ndio udhibiti mkuu wa matusi na uchochezi katika mfumo usio na makao makuu. Taasisi nazo zinaweza kuwa na seva zao: ofisi za serikali ya Ujerumani hupatikana social.bund.de, na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha social.bbc kama jaribio mwaka 2023. Faida ya utaratibu huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa msomaji akiliona jina la seva anajua papo hapo kwamba akaunti ni ya taasisi yenyewe, bila alama ya uthibitisho inayouzwa kwa mwezi.

Kuhamishika kwa Mastodon, hata hivyo, ni nusu tu. Mtumiaji anaweza kuielekeza akaunti ya zamani kwenye mpya, na wafuasi wake wakahamishwa na mfumo wenyewe. Anaweza pia kuchukua faili lenye orodha ya aliokuwa akiwafuata na aliowazuia. Machapisho yake hubaki alikotoka, na baada ya kuhama hawezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite. Lililo zito zaidi ni kwamba seva ya zamani sharti iwe hai ili uhamisho ufanyike. Mwezi Februari 2023 msimamizi wa seva ya mastodon.lol, iliyokuwa na akaunti zipatazo 12,000, alitangaza kuifunga kwa kuchoshwa na uhasama, na watumiaji wake walinusurika kwa sababu aliwapa miezi mitatu ya kujiandaa. Mwaka mmoja baadaye seva nyingine, iliyochagua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, linaloishia na .af kwa kulipenda tu, ilisimamishwa na mamlaka ya Taliban, kwa kuwa herufi hizo ni za Afghanistan na serikali iliyoko Kabul ndiyo yenye usemi juu yake. Ugatuzi hauondoi mamlaka. Unayasambaza, na mtu asipouliza yamesambazwa kwa nani, anaweza kukimbia mfalme mmoja akaangukia mikononi mwa mtemi asiyemjua.

Bluesky ilianzia upande wa pili. Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, alitangaza mradi huo mwezi Desemba 2019. Ukawa kampuni inayojitegemea mwaka 2021 chini ya Jay Graber, na ukafungua milango kwa watu wote mwezi Februari 2024. Itifaki yake, AT Protocol, humpa kila mtumiaji utambulisho wa kudumu, mfuatano wa herufi usiobadilika, ambao jina linaloonekana na seva inayohifadhi data zake vimeegeshwa juu yake tu. Akihama seva, machapisho na wafuasi huenda naye, sawasawa na namba ya simu inayobaki ileile kampuni inapobadilika. Jina lenyewe linaweza kuwa kikoa anachokimiliki: gazeti la The New York Times linatumia nytimes.com, na kwa njia hiyohiyo chuo, gazeti au mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye kikoa cha .tz au .ke anaweza kukifanya kuwa jina lake la mtandaoni kwa kuongeza mstari mmoja katika mipangilio ya kikoa hicho. Uwezo wa kupokea wageni wengi kwa ghafla ulidhihirika pale Mahakama ya Juu ya Brazil ilipoamuru X izuiwe nchini humo tarehe 30 Agosti 2024 na mamilioni ya Wabrazili wakaingia Bluesky kwa siku chache; kufikia Novemba mwaka huo akaunti zilikuwa zimevuka milioni 20. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya mashine zinazouendesha mtandao huo, ikiwamo ile inayokusanya machapisho yote ili yatafutike, bado inaendeshwa na kampuni moja ya Marekani inayotegemea fedha za wawekezaji. Haki ya kuhama imeandikwa katika itifaki, lakini mahali pa kuhamia ndiyo kwanza panajengwa.

Kutokana na tofauti hizo, kuhama kwa siku moja, kwa tangazo la hasira na kufuta akaunti, ndiyo njia inayoshindwa mara nyingi. Thamani ya jukwaa kwa mtu mmoja hutokana na wengine waliomo, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka. Wengi waliokwenda Mastodon mwishoni mwa 2022 walirudi walikotoka baada ya miezi michache kwa kuwa waliowataka hawakuwapo. Njia ya polepole huanza na anwani kabla ya programu. Mtu mwenye kikoa chake, au walau ukurasa mmoja unaoorodhesha anakopatikana, huwa na mahali pa kuwaelekeza watu ambapo jukwaa lolote haliwezi kupafunga. Hatua inayofuata ni kuomba jukwaa la zamani nakala ya data zote, huduma ambayo X hutoa kwa anayeiomba katika mipangilio ya akaunti, kisha kufungua akaunti mpya na kuchapisha pande zote mbili kwa miezi kadhaa. Wanaharakati wa tovuti huru wana kanuni nzuri hapa: andiko liwekwe kwanza nyumbani kwa mwandishi, halafu nakala zisambazwe kwingine, ili kwingine kukifungwa asili ibaki. Kuna pia madaraja, yaani programu zinazotafsiri itifaki moja kwa nyingine, kama Bridgy Fed, ambayo humwezesha aliye Mastodon kufuatwa na walio Bluesky pasipo kuwa na akaunti mbili. Threads ya kampuni ya Meta nayo imewaruhusu watumiaji wake, katika nchi kadhaa tangu 2024, kuchagua kuonekana kwenye Mastodon, jambo linalomaanisha kwamba baadhi ya waliobaki kwenye majukwaa makubwa bado wanaweza kufikiwa.

Kwa Afrika Mashariki vikwazo vikubwa si vya itifaki. Bando nafuu za mitandao ya kijamii huhesabu data za WhatsApp, Facebook au Instagram kwa bei ya chini, na programu isiyo katika orodha hiyo hulipiwa kwa bei ya kawaida, hivi kwamba jukwaa la zamani huwa rahisi kwa mfuko hata pale linapokuwa limechosha moyo. Sheria nayo ina neno lake. Nchini Tanzania Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinawataka watoa huduma za maudhui wawe na leseni, na mtu anayefikiria kuendesha seva ya jamii ya wasemaji wa Kiswahili kutoka ndani ya nchi analazimika kuzisoma kwanza. X yenyewe ilizuiwa nchini humo mwezi Mei 2025, na hapo huonekana faida moja halisi ya ugatuzi, kwa kuwa kuzuia anwani moja ni amri ya dakika chache, ilhali maelfu ya seva zenye majina tofauti ni kazi isiyokwisha. Faida hiyo ina mpaka: intaneti nzima inapozimwa, kama ilivyotokea Uganda mwezi Januari 2021 na Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, hakuna itifaki miongoni mwa hizi inayoweza kupita.

Zaidi ya hayo, hakuna mmoja kati ya mitandao hii unaofaa kwa siri. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ufungaji unaofanya mtumaji na mpokeaji pekee waweze kuusoma. Msimamizi wa seva akitaka anaweza kuufungua, na ujumbe wa faragha wa Bluesky hauna kinga hiyo pia. Mwandishi wa habari anayezungumza na chanzo chake atumie programu ya ujumbe yenye ufungaji huo, kama Signal, na mitandao hii aiache kuwa baraza, mahali pa maneno ambayo mtu yuko tayari yasikiwe na wapita njia.

Akaunti ya zamani ndiyo inayoshughulikiwa mwisho, na kuifuta si lazima. X hufuta moja kwa moja akaunti iliyozimwa kwa siku 30, na jina lililoachwa wazi linaweza baadaye kuchukuliwa na mwingine, akiwamo tapeli anayejua kwamba bado kuna watu wanaolitafuta. Aliyekwisha kuhama anaweza kuyafuta machapisho akitaka, lakini jina na alishike, na juu ya ukurasa abandike chapisho moja linalotaja anwani yake mpya, kwa ajili ya wale watakaomtafuta pale alipokuwa mwaka mmoja au mitatu baada ya yeye kuondoka.