Jina Linalotokana na Kazi

Hapa Rasbura, katika mji wa Lindi, mtu anaweza kuwa na majina mawili. Jina moja amepewa na wazazi wake. Jina la pili amepewa na watu kwa sababu ya kazi yake. Tuseme Saidi Hamisi ni fundi wa majahazi. Watu humwita Fundi Saidi. Baadaye humwita Fundi tu. Watoto wa mtaani hawalijui jina la baba yake.

Kwa nini jina la kazi hushika? Ni kwa sababu humtenga mtu na wenzake. Pwani yetu ina wavuvi wengi. Ukiuliza nyumba ya mvuvi, utaulizwa, "Mvuvi yupi?" Lakini ukiuliza nyumba ya fundi wa majahazi, mtoto atakupeleka mpaka mlangoni.

Jina moja kubwa la kazi katika pwani ni Nahodha. Neno hili limetoka katika Kiajemi. Zamani yalikuwa maneno mawili: nav, yaani chombo cha majini, na khuda, yaani bwana. Basi nahodha ni bwana wa chombo. Siku hizi Nahodha ni jina la watu pia. Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu mwaka 2000 hadi 2010. Yeye aliongoza shughuli za serikali, si jahazi.

Si kila jina la kazi hurithiwa. Julius Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955. Hata hivyo aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Watoto wake huitwa Nyerere.

Wajerumani, ambao waliwahi kututawala, majina yao ya kazi yaligeuka kuwa ya ukoo zamani sana. Jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote katika Ujerumani ni Müller, yaani msaga nafaka. La pili ni Schmidt, yaani mhunzi. La tatu ni Schneider, yaani mshona nguo. Wako Wayahudi wengi pia wanaoitwa Schneider. Zamani Wayahudi wengi wa huko waliitwa kama sisi: fulani mwana wa fulani. Mwaka 1787 mtawala wa Austria, Joseph wa Pili, aliamuru kila Myahudi wa nchi zake awe na jina la ukoo lisilobadilika. Wengine wakaandikisha kazi zao. Mjukuu akawa Schneider hata kama hajui kushika sindano!

Kwetu pia maandishi yana nguvu. Mrudie Saidi wetu. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Saidi Hamisi. Kitabu chake cha benki kinasema Saidi Fundi. Siku akifariki, mkewe atakwenda mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi. Ataulizwa, "Huyu ni mtu mmoja au wawili?" Mtaa mzima unajua jibu, lakini karatasi hazijui. Mama huyo atarudi nyumbani mikono mitupu, na nauli imekwisha.

Saidi anaweza kulimaliza jambo hili angali hai. Aende kwa hakimu au wakili, aape kwamba majina yote mawili ni yake. Ataandikiwa hati ya kiapo. Hati hiyo aiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na mkewe ajue ilipo.