Sukari inayoamua mtoto wa Jinja aongezewe damu ipi

Mtoto mwenye malaria kali anapofikishwa katika hospitali ya rufaa ya Jinja, mashariki mwa Uganda, akiwa amepungukiwa mno na damu, kabla ya kuongezewa damu ni sharti kundi lake lijulikane: A, B, AB au O. Damu isiyolingana yaweza kumuua. Hata hivyo, tofauti ya makundi hayo ni molekuli moja tu ya sukari, iliyo kwenye ncha ya minyororo inayofunika seli nyekundu.

Minyororo hiyo huota wapi?

Mingi imeshikamana na protini, nayo protini ni mlolongo wa asidi amino. Kimeng'enya kimoja kinachopachika sukari hutafuta alama maalumu: asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Mwaka 2011, watafiti wa Zürich walichapisha umbo la kimeng'enya cha jamii hiyo kutoka kwa bakteria. Kina mfuko unaoishika serini au threonini, huku protini ikilazimika kujikunja. Prolini ni ngumu kukunjika hivyo. Ndiyo maana hukataliwa.

A na B hutofautianaje?

Kwenye ncha ya mnyororo hufanya kazi kimeng'enya kingine, chenye asidi amino 354. Cha kundi A na cha kundi B hutofautiana kwa asidi amino nne tu, na mbili kati ya hizo ndizo zenye uamuzi mkubwa. Katika B, mbili hizo ni kubwa zaidi, hivyo nafasi ya ndani hubana na kupokea galaktosi pekee. Katika A nafasi ni pana, nayo hupokea sukari kubwa zaidi, asetili-galaktosamini. Kwa wengi wa kundi O, herufi moja ya jeni imepotea, kimeng'enya kikakatika kabla ya kukamilika, na ncha ikabaki bila nyongeza.

Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya sukari usiyokuwa nayo. Kwa hiyo mwenye O hushambulia seli za A na za B, naye huweza kupokea seli za O peke yake.

Faida na gharama

Utafiti uliofanywa nchini Mali na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watoto wa kundi O hawakuelekea kupata malaria kali kama wenzao. Seli zenye vimelea hunata kwenye seli nyingine kwa kushika sukari za A na B, zikaziba mishipa midogo. Kwenye damu ya O hunata kwa udhaifu.

Lakini kinga hiyo si kamili. Mtoto wa kundi O akizidiwa, hana pa kuazima: maisha yake hutegemea mchangiaji wa kundi lilo hilo.