Kikasha Kilichofichwa Kando ya Reli Iliyokufa

Katika michezo iliyozuka zama hizi upo mmoja ambao twaona wastahiki kuelezwa majumbani mwetu, kwani humtoa kijana chumbani, humtembeza kwa miguu, na zaidi ya hayo humpima uaminifu wake pale asipoonwa na mtu. Wenyewe huuita geocaching, yaani kusaka vikasha vilivyofichwa ardhini mwa Mungu kwa kufuata nambari za mahali.

Mwanzo wake wajulikana. Setilaiti za Marekani zionyeshazo mahali huzunguka juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, na zamani ishara walizopewa raia zilikuwa zikivurugwa kwa makusudi, hata mtu akaweza kukosea mita 100 hivi. Mapema mwezi wa Mei mwaka 2000, Rais Clinton aliamrisha mvurugo huo ukome. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza nambari zake. Ndani yake mlikuwa na vitabu, manati na vitu vingine, pamoja na daftari. Mwenye kuiona achukue kitu, aweke kitu, na aandike. Ndoo haikuwa na mlinzi wala kufuli.

Leo vikasha hivyo vyapita milioni 3 duniani, na mahali pamoja vinapopendwa ni njia za reli zilizokufa. Sababu ni nyepesi. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali, basi waliojenga reli walisawazisha ardhi, wakakata miamba na kutandaza madaraja. Reli zikisha kung'olewa, hubaki njia tambarare ambayo mzee, mtoto, hata mwenye kiti cha magurudumu aweza kuipita.

Tutazame moja tu, ile iitwayo Katy Trail, katika jimbo la Missouri. Urefu wake wakaribia kilomita 386, na sehemu kubwa yafuatana na mto Missouri, katikati ya mashamba na vijiji. Ilikuwa reli ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas, na jina la Katy latokana na herufi za kampuni hiyo. Magari yalikoma mwaka 1986. Tajiri mmoja, Edward Jones, na mkewe wakatoa fedha zao ili njia inunuliwe na kutengenezwa, na mwaka 1990 sehemu ya kwanza ikafunguliwa Rocheport, palipo na tundu la reli lililochimbwa katika mwamba.

Lakini si kila mtu aliyefurahi, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Wakulima wengi walisema kwamba wazee wao waliipa kampuni ruhusa ya kupitisha reli tu, hawakuiuzia ardhi. Magari yakikoma, ardhi irudi kwa wenyewe. Serikali ilishika sheria ya mwaka 1983, iliyoruhusu njia igeuzwe ya watembeao kwa miguu na baisikeli, huku ikihifadhiwa isije ikahitajiwa kwa reli siku nyingine. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, ilihukumu kuwa sheria ni halali, ila wenye ardhi waweza kudai fidia. Mwaka 2000, mwaka ule ule wa ndoo ya Oregon, mahakama ikawapa haki baadhi ya wakulima wa Katy. Sisi twaona walidai kwa haki, na njia nayo yafaa. Mambo mawili hayo hayapingani, maadamu fidia imelipwa.

Basi msakaji afikapo hapo, chombo mkononi mwake humwonyesha mshale ulionyoka. Mshale haujui uzio. Haujui kuwa ng'ambo ya waya ni mahindi ya mtu aliyeona ardhi ya babu yake ikipitwa na wageni. Anayejua ni msakaji, na akiruka waya amemfanya jirani kuwa adui wa wote watakaokuja nyuma yake. Ndiyo maana kanuni za mchezo ni kali: kikasha kisiwekwe wala kufukiwa ardhini pasipo idhini ya mwenye mahali, kisikaribiane na kingine chini ya mita 161, na ndani yake pasiwe na chakula, ulevi wala silaha. Mwenye kuchukua kitu aache chenye thamani sawa au zaidi; kisha arudishe kikasha vile vile alivyokikuta.

Wazazi watauliza gharama. Simu ya mkononi yatosha, na viatu vizuri, na maji ya kunywa. Wala mtoto asitazamie hazina, kwani vikasha vingi ni vichupa vidogo kama kidole, visivyo na kitu ila karatasi iliyokunjwa, yenye majina na tarehe za waliotangulia, na nafasi kidogo ya kuandika jina lake.