Kuchota Makala Usiku, Kuzisoma Mchana

Yeye anunuaye intaneti kwa mega anaijua taabu hii: anafungua ukurasa, na mbele ya kufika katikati yake anaanza kuwaza juu ya pesa. Macho yanakimbia, moyo hautulii. Kisha umeme unakatika, na yale aliyokuwa akiyasoma yanapotea. Huko si kusoma.

Tunataka kueleza hapa namna moja ya zamani, ingali ikifaa, ya kuleta makala nyumbani kwa dakika chache na kuzisoma halafu pasipo intaneti na pasipo haraka. Makala tunazosema ni zile za Usenet.

Usenet si kampuni, wala haina mwenyewe. Ni mashini nyingi zilizopatana kupeana makala. Waliowaza jambo hilo mwaka 1979 ni wanafunzi wawili wa Duke University kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis. Naye Steve Bellovin, wa University of North Carolina iliyo jirani, aliandika programu ya kwanza. Simu iligharimu, kwa hiyo mashini ziliitana usiku, saa bei iliposhuka. Moja ilitoa makala zake mpya, ikapokea za mwenzake, simu ikakatwa. Kulipokucha watu walisoma, kila mtu kwenye mashini ya kwao. Mnaona basi ya kuwa kuchota usiku na kusoma mchana si werevu wetu sisi tusio na pesa: Usenet yenyewe ilizaliwa hivyo, katika vyuo vikuu vya Marekani.

Makala hupangwa kwa vikundi. Kikundi kiitwacho sci.lang ni cha elimu ya lugha, comp.lang.c ni cha wale waandikao programu kwa lugha ya C. Mtu akitia makala kwenye mashini yake, hiyo huipa jirani, naye jirani huipa mwingine, hata ifike mbali. Makala ingeweza kuzunguka hivyo pasipo mwisho. Ndiyo sababu kila moja hubeba jina lisilo na mfano wake duniani, liitwalo Message-ID. Mashini ikiletewa jina inalolijua tayari, hukataa.

Mwaka 1986 Brian Kantor na Phil Lapsley walitoa kanuni za kuzungumza na seva ya makala, yaani ile mashini ya mbali iziwekayo. Kanuni hizo zaitwa NNTP. Zilitengenezwa upya mwaka 2006, lakini maneno yake makubwa yangali yale yale. Ni maneno machache kweli. Kompyuta yetu husema: GROUP sci.lang. Seva hujibu kwa namba, kwa mfano: makala 500, ya kwanza 8201, ya mwisho 8700. Ikiwa mara iliyopita tuliishia 8650, twajua kwamba 50 ni mpya. Kompyuta huomba ARTICLE 8651, kisha 8652, na kuendelea hata 8700. Mwisho husema QUIT, na mambo yamekwisha. Kwa makala za maneno matupu kazi hiyo ni ya muda mfupi sana, hata kama intaneti ni dhaifu.

Kwa hiyo siri yote ni kukumbuka tulipoishia. Lakini hapa pana mtego, nasi tuliukanyaga. Zile namba, 8651 na nyingine, si za makala yenyewe. Kila seva hutoa namba zake kadiri makala zinavyoifikia. Makala iliyo 8651 huku yaweza kuwa 40212 kwingine. Message-ID peke yake haibadiliki. Sisi tulikuwa na programu ndogo iliyoandika namba ya mwisho ndani ya faili. Siku moja tukabadili seva, tukaiacha faili vile ilivyokuwa, tukaenda kulala. Seva mpya ilikuwa na namba kubwa mno. Programu, kama mtumishi mwaminifu asiyeuliza neno, ilidhani makala zote zilizo juu ya namba yetu ni mpya, ikazichota moja moja. Asubuhi mega za mwezi mzima zilikuwa zimekwisha, tena nyingi za makala zile tulikuwa tumekwisha kuzisoma. Ndugu tuliyechangia naye pesa hakusema kitu. Alicheka tu, na kicheko kile kilituuma kuliko maneno. Kama namba za seva mpya zingekuwa ndogo, tungepata hasara ya namna nyingine: programu ingeona hakuna jipya, nasi tungekaa majuma tukidhani watu wamenyamaza.

Tangu hapo twatumia Leafnode, iliyotungwa kwanza na Arnt Gulbrandsen. Hiyo ni seva ndogo ya kuwekwa nyumbani, kwenye kompyuta yenye Linux. Sehemu yake moja, fetchnews, huenda kuchota kwenye seva ya mbali. Nyingine hukaa nyumbani na kuwajibu wasomaji, sawasawa na seva kubwa. Huandika namba za kila seva mahali pake, zisichanganyike, na huangalia Message-ID ili isilete makala iliyo nayo. Hatuna haja ya kuandika orodha ya vikundi: msomaji akifungua kikundi, Leafnode hukitia katika safari ijayo, watu wakiacha kukisoma kwa siku kadha wa kadha, nayo huacha kukichota. Kompyuta nyingine za nyumba moja zaweza kusoma kwake, hata makala ichotwe mara moja kwa wote.

Mtu akianza, asisahau initialfetch, mpaka wa makala zitakazochotwa mara ya kwanza katika kikundi. Sisi tumeweka 100. Pia maxbytes, inayozuia makala nzito. Na vikundi vyenye neno «binaries» katika jina lake tusivifungue kabisa. Humo hupitishwa picha na filamu, na mega zetu zingekwisha mbele ya jogoo wa kwanza. Kwa mtu mwenye mega chache zaidi kuna delaybody: usiku wa kwanza vinaletwa vichwa tu, msomaji achague, na usiku wa pili ziletwe zile alizochagua.

Majibu nayo huandikwa nyumbani. Hungoja safari ya fetchnews, yaondoke kwa njia ile ile.

Neno moja juu ya kutunza. Duke yenyewe ilifunga seva yake ya Usenet mwaka 2010, na tarehe 22 Februari 2024 Google iliacha kupokea makala mpya za Usenet. Za zamani iliziacha zisomwe. Seva nyingine zingalipo, nyingine za bure kwa maneno matupu, lakini hakuna iliyotuahidi miaka. Tena ndani ya Leafnode kuna texpire, ifutayo makala zilizozeeka. Bila kuibadili, siku 20 ni nyingi. Basi makala tunayoipenda twainakili nje mapema. Za sci.lang tumekwisha kuziweka katika diski mbili, na moja haikai nyumbani kwetu.