MAKALA KATIKA BUSTANI: TUZUIE MADINI YASIINGIE KATIKA SUFURIA

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaolima nyuma ya nyumba, kazini tunavaa kofia, viatu na barakoa. Lakini madini hayangoji getini. Yanafika nyumbani kwa vumbi, kwa maji na kwa mboga. Leo tuseme juu ya udongo wa bustani.

Udongo wetu una nini?

Katika Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, udongo wa sehemu nyingi una shaba na kobalti, na mahali pengine risasi, kadimiamu na arseniki. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo, hata wale wasiofanya kazi ya madini. Mwaka 2018 walitoa habari za mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi: watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo karibu mara 10 kuliko watoto wa mbali na machimbo. Mtoto hutambaa chini, hutia mikono kinywani, na mwili wake bado unakua. Ndiyo sababu tunaanza na yeye.

Madini si kama mikrobu. Moto hauyaui, na kuchemsha sombe au lengalenga hakuyamalizi. Yale yaliyopandia mizizini yamo ndani ya jani. Kunawisha jani huondoa vumbi la nje tu.

Makala yanafanya nini?

Kuna makala yanayotengenezwa kwa ajili ya udongo. Wataalamu huyaita bayochari. Ni mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo, yasigeuke majivu. Kipande kimoja kina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na ngozi yake inashika shaba, risasi na kadimiamu. Tena makala hayo hupunguza uchachu wa udongo. Udongo mchachu huachilia madini yaingie katika maji, na mzizi ukayanywa. Uchachu ukipungua, mengi yanashikwa.

Fahamuni vizuri: madini hayatoki, yanafungwa tu. Ni kama mbwa mkali aliyefungwa kamba: bado yuko uani. Kwa hiyo mtoto asile udongo huo, hata kama umetiwa makala. Na arseniki haifuati desturi hii; uchachu ukipungua, inaweza kuachiliwa zaidi. Mahali penye arseniki, makala si dawa.

Namna ya kutengeneza

Msikate miti ya msitu kwa kazi hii. Tayari makala ya kupikia yameumaliza. Tumieni magunzi ya mahindi, maganda ya karanga na matawi makavu. Chimbeni shimo lenye umbo la faneli, upana wa mita 1 juu. Washeni moto chini. Vipande vikianza kuvaa majivu meupe, wekeni tabaka lingine juu yake, hivyo hivyo mpaka shimo lijae. Kisha zimeni kwa maji mengi. Unga wa makala unaobaki chini ya gunia la muuzaji nao unafaa.

Pondeni yakiwa na maji, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Changanyeni na mbolea ya takataka za jikoni iliyooza, muache majuma machache, kisha lime kwa jembe mpaka sentimita 20. Kiasi cha kilo 2 kwa mita 1 ya mraba kinatosha kuanza: bustani ya mita 1 kwa 10 itachukua kilo 20. Chokaa cha kilimo kinasaidia kazi hiyo hiyo. Mtaa wa Penga Penga, Lubumbashi, ulichafuliwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911. Huko wachunguzi wa chuo kikuu walitumia chokaa na mbolea ya takataka ili nyasi ziweze kuota tena na kushika udongo.

MSIFANYE HIVI
– Msichome mbao zenye rangi, mipira, plastiki wala magunia ya dawa za kiwanda.
– Msitumie pipa lililobeba asidi au dawa yoyote.
– Msiwashe ndani ya nyumba. Hewa ya makala inaua, wala haina harufu.
– Msimwagilie bustani kwa maji yanayotoka kiwandani au kwenye mabaki ya madini.

Mahali pasipolimwa

Juu ya mabaki ya madini, au mahali ambapo hata majani hayaoti, msilime chakula hata kwa makala. Pandeni nyasi ili vumbi lisiruke. Karibu na nyumba, chagueni mahindi kuliko mboga za majani, kwa sababu kwa kawaida punje hukusanya madini kidogo kuliko jani. Mboga za majani zilimwe mbali na barabara ya malori.

Kabla ya kula, osheni mboga kwa maji safi mara kadhaa. Nyumba ifagiliwe kwa kitambaa chenye maji. Baba akitoka kazini, aache viatu na nguo za kazi nje, anawe, ndipo ambebe mtoto.

Mtoto akidhoofika, akiumwa tumbo mara kwa mara au akichelewa kujifunza, mleteni dispanseri, na mtuambie anacheza wapi na mboga zinatoka shamba gani. Habari hizo zinamsaidia munganga kama vile kipimo.